Karatasi ya Nyumba Saba

Siku mwalimu alipokuja kuona ua wetu wa Nyakabanda tulikuwa wanne: mimi, binti yangu wa mwisho, jirani yangu mshonaji, ambaye ukuta wake na wangu ulikuwa mmoja, na mwalimu mwenyewe, ambaye hakuwa ndugu wa mtu pale. Majina yao ninayo yote. Humu siyaandiki, na sababu utaiona.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Mwalimu alifundisha kuchora ramani za nyumba katika shule ya ufundi, na Jumamosi alikusanya kwenye karakana ya seremala watoto ambao shule ile haikuwataka: wasichana, watoto wa mtaa wetu wa Waislamu, na wale ambao vitambulisho vya baba zao viliandikwa kabila lisilopendwa. Alisema wanafunzi wake wa shuleni wanajua kuchora vila ya balozi, lakini hakuna aliyewahi kupima nyumba ya udongo, na mji mzima unalala kwenye udongo.

Binti alipewa kazi ya kuchora nyumba saba za mstari wetu. Ndani ya kila chumba aandike jina la anayelala humo, kwa sababu, alisema mwalimu, nyumba bila watu ni sanduku. Kazi ikitoka vizuri, angeipeleka mwenyewe kwa mkuu wa shule, na binti apate nafasi.

Tulipima kwa kamba yangu ya kuanika nguo. Mimi nilikuwa fundi wa kukandika kuta, zile nyumba zote nilizijua kwa viganja. Nilishika ncha moja, binti ncha nyingine, huku mshonaji akitufuata nyuma na utani wake.

“Andika na panya,” alimwambia binti. “Wanalala chumba cha mbele, wamelipa kodi kuliko mimi.”

Binti alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi ile nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Ilichukua wiki nyingi. Ilipokwisha niliitazama nikaona kila mtu yuko mahali pake, hata mama mkwe wa mshonaji nyuma ya pazia. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini majina yale niliyasoma yote.

Alhamisi moja mchana mkuu wa mtaa wetu alikuja, binti akiwa ameenda Kicukiro kwa shangazi yake. Siku hizo vijana wake walikuwa wanafanya mazoezi uwanjani na marungu. Alikaa kwenye kigoda, akasifu mchoro wa binti ambao alisikia habari zake, akaomba kuuazima siku mbili kwa ajili ya maendeleo ya mtaa.

Nikamwambia uko kwa mwalimu. Akainuka, akafika mlangoni, akageuka.

“Mama, ni kweli kaandika kila mtu analala chumba gani?”

Nikasema watoto huandika mengi.

Alipopinda kona niliitoa karatasi chini ya godoro, nikaitia kwenye jiko la mkaa. Iliungua upesi, hata maji ya chai haikuchemsha.

Binti aliporudi nilimweleza. Hakulia. Alichukua wembe kwenye kisanduku chake cha kalamu, akauweka mbele yangu.

“Mama, wino huu unakwanguliwa. Ungekwangua majina tu.”

Mimi nilijua kuta. Hilo la wino sikulijua, na hakuna aliyewahi kuniambia. Wembe ulikuwa humo chumbani muda wote.

Mwalimu alipeleka kazi za wengine. Alimwambia binti aanze upya, bila majina. Alianza, alifika nyumba ya tatu, Aprili ikaingia.

Wauaji walikuwa na orodha zao tayari, karatasi ya mtoto hawakuihitaji. Mwalimu aliuawa njiani akitoka kwake. Mshonaji waliingia wakamkuta na wanawe, na mama mkwe nyuma ya pazia. Kwenye mstari wetu zilibaki nyumba mbili zenye watu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza kuzila zile kuta tupu, binti alileta kalenda ya zamani, akaigeuza mgongo. Shule ilikuwa haina mwalimu wa kuchora. Hakusema anachora kwa ajili ya nani.

“Nipe nyumba ya kwanza,” aliniambia. “Chumba cha kushoto.”

Nikamtajia. Tulikwenda chumba kwa chumba mpaka ya saba, naye akaandika kila jina kwa wino.

Karatasi hiyo ninayo. Lakini nimezeeka, na kumbukumbu ni kama udongo, hupasuka. Kama ulikulia mstari ule, na unaona mlango nimeuweka upande usio wake, au mtu nimemlaza chumba cha mwingine, njoo unisahihishe. Wembe upo.