Hodi ya Tatu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa nimesimama katikati ya chumba changu pale Ujiji na rundo la nguo mikononi. Mtu nje alikuwa anapiga hodi, na mimi simwitikii.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka michache tu, na juzijuzi ulikuwa ukiazima viatu vyangu. Lakini mama yako ni dada yangu, mimi ni mama yako mdogo, na kwa kuwa unaanza kazi yako ya kwanza pale Mwandiga nimeona niitumie haki hiyo. Dada ameniomba nikueleze namna ya kupanga muda, kujibu barua pepe na kuweka meza sawa. Nimefikiri sana nianzie wapi, nikaona nianzie pale mlangoni.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa nyumbani Gungu karibu mwaka mzima. Ndipo kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam ikanipa kazi ya kununua dagaa kwa vikundi vya akina mama wa huku ziwani. Ofisi haikuwepo. Ofisi ilikuwa chumba nilichopanga kwa Bi Asha, mwalimu mkuu mstaafu, katika nyumba ya zamani yenye baraza refu. Nilikuwa na kitanda, meza, kompyuta na kiti kimoja. Kampuni ilitaka kila jambo lipite kwenye barua pepe ili kuwe na kumbukumbu, kwa hiyo hata akina mama wa Ilagala, ambao wangeweza kunipigia simu, walikuwa wananiandikia.

Barua nilikuwa nazisoma zote. Watu hawaamini nikiwaambia hivyo, wanadhani asiyejibu ni mvivu wa kusoma. Nilizisoma mara tu zilipoingia, hata nikiwa na tonge mkononi, kisha nikaziwekea alama ya nyota ili nizijibu vizuri baadaye. Shida ilikuwa kwenye neno hilo vizuri. Nikianza kuandika naona salamu ni fupi mno. Kwetu humwingii mtu mzima na shida zako kabla hujamuuliza ameamkaje, watoto hawajambo, ziwa limetulia. Nikiirefusha naona nimekuwa kama mgombea udiwani. Nikieleza sababu naona najitetea, nikiziondoa naona nina kiburi. Naihifadhi rasimu, nahamia barua nyingine. Jioni nimechoka kwelikweli, na hakuna mtu hata mmoja aliyesikia neno kutoka kwangu.

Chumba nacho kilifuata mtindo huohuo. Kulikuwa na sampuli za dagaa kwenye makopo, maboksi, karatasi, nguo zilizofuliwa na zisizofuliwa. Kila kitu nilikiweka kitini kwa muda, maana nilitaka kwanza nikitafutie mahali panapokifaa. Tangu nihamie, kiti kile kilikuwa hakijakaliwa na mtu.

Sasa, wiki moja kabla ya asubuhi hiyo, katibu wa kikundi cha Ilagala alikuwa ameniandikia swali. Dagaa wetu wamekauka, je, mnawachukua au hamwachukui? Kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Burundi aliyekuwa tayari kuwachukua wote, lakini wao walikuwa wameniahidi mimi kwanza, na wakashika ahadi yao. Mvua zilikuwa zimeanza. Dagaa wakikaa na unyevu ule huota ukungu, na baada ya hapo hununuliwa na wafuga kuku tu. Mimi nilikuwa nimemuuliza bosi wangu wa Dar, dada mmoja mpole mwenye kazi nyingi, naye alikuwa bado kimya. Kwa hiyo sikuwa na jibu. Na kwa kuwa sikuwa na jibu, sikujibu. Wakati ule mambo hayo mawili niliyaona ni kitu kimoja.

Ndipo asubuhi ile akaja Mama Riziki, mwenyekiti wa kikundi, kwa boti, yeye mwenyewe.

"Hodi," nikasikia mlangoni. Sauti yake niliijua.

Wewe umekulia huku, unajua desturi. Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hagusi mlango, hachungulii dirishani, anaondoka zake na hawezi kulaumiwa. Hodi ya kwanza ilinikuta naondoa nguo kitini. Ya pili ilinikuta nimepiga magoti nasukuma makopo chini ya kitanda, huku kichwani natunga namna ya kumweleza kuhusu bosi bila kumchongea bosi. Nilitaka nimfungulie nikiwa na kiti kitupu na sentensi iliyokamilika. Hodi ya tatu ilikuwa ya sauti ya chini zaidi. Kisha nikasikia ndala zake zikienda.

Nilipofungua, baraza lilikuwa tupu. Bi Asha alikuwa anakuja kutoka dukani na mkate, amepishana na mgeni pale kwenye kona.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Yule mama katoka kwako?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana."

"Unaoga?"

"Hapana, Bi. Nilikuwa naweka chumba sawa. Hapakuwa na pa kumkalisha."

"Alikuomba pa kukaa?"

"Hapana."

"Alisema nini?"

"Hodi."

"Na mtu akisema hodi anaambiwaje?"

"Karibu."

"Au?"

"Au subiri kidogo."

"Haya. Nimefundisha darasa la kwanza miaka na miaka, sijapata mtoto wa kushindwa swali hilo. Wewe umetoka chuo kikuu." Alichungulia ndani, akaiona kompyuta, akayaona na makopo. "Na hiyo simu yako inayolialia, ni nini?"

"Barua pepe, Bi. Za kazi."

"Zimeandikwa na watu?"

"Ndiyo."

"Nao wamesimama nje?"

Hakuwa amekasirika. Bi Asha alikuwa na sauti moja tu, ileile aliyoitumia kuuliza bei ya nyanya. Nikamweleza kwamba yule mama anataka jibu ambalo mimi sina, bosi hajasema, na nikimwambia neno ambalo si la uhakika anaweza kuniona wa hovyo.

"Si umwambie hivyo," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huna."

Nilisimama pale nikitafuta kasoro katika maneno hayo. Sikuipata. Nikageuka niingie ndani kutafuta viatu vinavyofaa, naye akaniambia ndala zinatosha, boti ya Ilagala haiondoki mpaka ijae, lakini ikijaa haimngoji mtu anayechagua viatu.

Nilichukua bodaboda hadi mwaloni, zinakotia nanga boti. Boti ilikuwa inapakia magodoro na kreti za soda. Mama Riziki alikuwa ameketi pembeni na wenzake wawili wa kikundi, wanakula mihogo ya kuchoma.

"Mwakeye," nikamwamkia kwa Kiha, nikainama kidogo.

Aliitikia kikamilifu, akaniuliza na habari za nyumbani Gungu. Alikuwa na haki ya kuzifupisha salamu siku ile, na hakuzifupisha. Halafu akasema, "Nimefika kwako. Hukuwepo."

Angeniacha nipite hapo. Aliufungua mlango huo makusudi.

"Nilikuwepo, mama."

"Alikuwepo," mmoja wa wenzake akamwambia mwenzake, kama anayetafsiri.

Nikasema, "Sina jibu. Bosi wangu hajasema ndiyo wala hapana, na sijui atasema lini. Msinisubiri."

Mama Riziki alimaliza kutafuna. "Ndiyo hayo tu?"

"Hayo tu."

"Binti, sisi wiki nzima tunafunika dagaa kwa turubai, tunafunua, tunafunika. Jua likitoka tunakimbia, wingu likija tunakimbia. Tukasema, yule ni msomi, tumwache, anapiga hesabu kubwa. Kumbe na wewe hujui, kama sisi."

"Kutojua nako kunachukua wiki?" yule wa pili akauliza. Wakacheka, na mimi nikaona si kicheko kibaya.

"Nilikuwa nataka kuandika vizuri," nikasema.

"Andika vibaya," Mama Riziki akasema. "Tutasoma hivyohivyo."

Akatoa simu, akampigia yule Mrundi palepale. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, Kiha chepesi chenye kucheka kwingi, mpaka yakafika mahali ambapo hapakuwa na kucheka tena. Mrundi alikubali kuwachukua, lakini si kwa bei ya mwanzo. Katikati ya wiki ile mvua ilikuwa imewapata dagaa wa chini. Mama Riziki alikunja simu ndani ya khanga, akapanda boti. Hakuniambia neno la kunilaumu. Nimewahi kulaumiwa na watu wengi tangu siku ile, na hakuna lawama iliyonikaa kama ule ukimya wake.

Lililofuata nakueleza kwa sababu ni jambo ambalo kichwa chako kitakutisha nalo, kama cha kwangu. Mwisho wa wiki bosi alijibu: chukua mzigo wote wa Ilagala. Hilo hasa ndilo nililokuwa naliogopa. Nilikuwa nimekwisha kuliishi kichwani kwa kila namna, mpaka na barua ya kunifukuza kazi nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwa niaba ya kampuni. Nikamwandikia kwamba mzigo umeuzwa, mvua haikuwaruhusu kungoja, natafuta vikundi vingine. Akajibu, "Sawa." Neno hilo nililisoma mara nyingi nikitafuta hasira ndani yake. Halikuwa nayo. Alikuwa na kazi nyingi tu.

Sasa nikueleze ninachotaka ukishike, maana nimezunguka vya kutosha.

Kila barua inayoingia kazini kwako ni hodi. Itikia siku ileile. Si lazima uwe na jibu. Useme karibu, au subiri mpaka siku fulani, au sijui, msiningoje. Neno sijui likifika mapema linamsaidia mtu kufanya mipango yake. Likichelewa ni sawa na kumdanganya, hata kama hukusema uongo wowote. Jibu refu lenye sababu zake utaliandika baadaye kwa nafasi yako, na mara nyingi utakuta halihitajiki tena.

Usisome barua wakati huna mikono ya kuijibu. Hili lilinichukua muda mrefu kulielewa. Nilidhani kuchungulia kila wakati ndiyo bidii. Siku hizi nafungua asubuhi nikishamaliza chai, na nafungua tena kabla sijafunga kazi, na katikati simu haina sauti. Atakayekuwa na la dharura atapiga. Ukikuta barua tatu zinangoja, anza na ile ambayo mwenzako hawezi kusogea bila wewe. Zako binafsi zitakuvumilia.

Salamu iwe mstari mmoja, ya kweli, kisha jambo lenyewe, kisha shukrani. Ukishaisoma mara moja na majina ya watu yako sawasawa, itume. Najua utataka kuisoma tena. Inuka ukanywe maji.

Kuhusu vitu, sikushauri upange chumba kizima. Nimejaribu hivyo Jumamosi nyingi, na kila mara nimeishia kukaa sakafuni nasoma karatasi za zamani. Nilichoweza ni kiti. Kila jioni kiti kiwe kitupu. Kilichokuwa juu yake kiende kabatini, au kwa mwenye kukihitaji, au jalalani, na usikae kutafuta mahali panapokifaa kuliko pote, hapapo. Nimeona kiti kikiwa kitupu, meza nayo huona haya ikafuata. Isipofuata, angalau mgeni atakaa.

Wala usidhani nimepona. Bado zipo siku ambazo rasimu inanilalia mkononi, na Bi Asha, ambaye sasa haoni vizuri, bado anajua kwa kusikia tu kama naandika au nafuta. Lakini msimu uliofuata, wale akina mama wa Ilagala waliniandikia tena. Nilikuwa sijui, kama kawaida. Nikawajibu kwa mistari miwili kwamba sijui, na kwamba kesho jioni nitawaambia nilipofikia. Kesho yake jioni nikawaambia. Tangu hapo mzigo wao hunifikia mimi kwanza, na kampuni haijui kwa nini.

Basi nenda kazini kwako Mwandiga kwa amani, mwanangu. Mungu akujalie watu wa kukutegemea, na akupe ulimi mwepesi wa kuwaambia ukweli wakiwa bado na muda wa kuutumia. Akupe wakubwa wasiokuwa na maneno mengi, na moyo wa kutoyatafutia maneno yao machache maana mbaya. Akutoe salama nyumbani na akurudishe salama, na usingizi wako uwe wa mtu ambaye hakuna aliyeachwa akimngoja. Amina.