Nilivyogawa Choo cha Hai Mauna Nikaishia Ofisi ya Ardhi

Sikuwa nimewahi kuona choo chenye kufuli mbili, za watu wawili wasiosalimiana.

Na mimi ndiye niliambiwa nikigawe.

Naitwa Crispus. Mwaka 2008 nilikuwa fundi cherehani kutoka Kakamega, nimefuata riziki Juba, kusini mwa Sudan, kama Wakenya wengine wengi baada ya mkataba wa amani kutiwa sahihi. Cherehani yangu ilikuwa katika soko la Konyo Konyo.

Asubuhi moja Mama Resty, Mganda mwenye hoteli ya chakula, akaniita kwake mtaa wa Hai Mauna nimpimie madirisha kwa ajili ya mapazia. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nikavaa koti langu la mvua la manjano, nikaning'iniza tepu shingoni, nikapanda boda.

Niko dirishani napima, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe iko mtu ya ardhi?"

Alikuwa Wol, jirani wa Mama Resty. Mrefu, amekunja uso.

"Hapana. Mimi ni fundi wa nguo."

Akaangalia koti. Akaangalia tepu.

"Mtu ya ardhi lazima nadanganya hivyo," akasema. "Kuja."

Wakati huo mitaa ilikuwa inapimwa viwanja, na kila mtu aliogopa kupunjwa. Wol na mzee Saturnino walikuwa wanagombania choo kilichosimama nyuma ya nyumba zao. Kila mmoja alikuwa amekipiga kufuli yake. Kwa hiyo hakuna aliyeingia. Familia zote mbili zilikuwa zinajisaidia kwa Mama Resty.

Saturnino naye akatokea, ameshika sururu.

"Kama si changu, leo nakibomoa."

"Gusa uone," Wol akajibu.

Nikataka kuhepa. Mama Resty akanishika mkono, akaninong'oneza, "Ssebo, bwana wangu, wewe pima tu. Hawa watu wamenijazia choo."

Basi nikapima. Nikapiga magoti kwenye tope na tepu ya kushonea, nikapima ardhi kama kiuno cha bibi harusi. Upande wa Wol nikasoma inchi. Upande wa Saturnino, kwa kiwewe, nikasoma sentimita.

Nikachora mstari kwa chaki. Ukapita katikati ya mlango.

"Nusu kwa nusu," nikasema, nikijaribu kukaza sauti. "Asubuhi Wol. Jioni mzee."

Saturnino akafikiri. "Na mchana?"

"Mchana ni wa mwenye haraka zaidi."



Kisha Wol akaanza kucheka. Saturnino akajizuia, akashindwa, akaweka sururu chini. Kufuli zikafunguliwa. Mama Resty akaleta chai, tukanywa wote.

Chai haijaisha, gari la ofisi ya ardhi likasimama. Akashuka Madam Keji, afisa mwenyewe, na mashine ya kupimia ya miguu mitatu.

"Nani amechora huu mstari?"

Wote wakanionyesha kwa kidole. Walivyo wepesi.

Akapima. Akarudia.

"Huu mstari ni upuuzi mtupu," akasema. "Choo chote kiko ndani ya kiwanja cha Mama Resty."

Mama Resty chai ikampalia. Siku zote hizo alikuwa analalamikia watu waliofunga choo chake mwenyewe.

"Sisi nafuata mstari ya fundi," Wol akasema. Saturnino akatikisa kichwa kukubali.

Mama Resty akawatazama. "Mtumie tu. Lakini kile kingine mlichonijazia mniachie."

Nilijua naenda kulala korokoroni. Badala yake Madam Keji akanivuta kando.

"Mara mbili nimekuja hapa, wakanifukuza. Wewe umewakalisha pamoja. Kupima hujui kabisa, lakini hilo nitakufundisha. Kesho njoo ofisini."

Nikaenda. Nikaanza kwa kubeba vigingi, baadaye nikasomea usimamizi wa ardhi chuoni. Mpaka leo ndiyo kazi yangu.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayeniuliza kama usomee ardhi, nakwambia hivi: mashine itakuonyesha mahali mpaka unapopita, lakini watakaoishi kando yake ni watu. Kama huna subira ya kukaa na majirani waliokasirika, chagua kozi nyingine.