Swali la Mama Ndaya kwa Avoka Asiye Avoka

Tata Tshilombo hakuwa avoka, yaani wakili, lakini nenda Kolwezi ya mwaka wa sabini na nne ukamwambie mtu hivyo, uone utakavyozomewa! Miaka kumi na minane alikuwa mkalimani wa mahakama, akastaafu na mashini ya kuandika, miwani iliyofungwa uzi, na mdomo. Akahamia baraza ya fundi picha kando ya soko. Mbele yake liliwekwa benchi, na kwenye benchi hapakukosekana mtu mwenye tatizo.

"Tata avoka, mashini ya ku mugodi ya Mashamba ilinikata kidole. Shefu anasema ni makosa yangu."

"Kidole kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Mushenzi! Ile ilikuwa mushahidi! Kimbia ku dispanseri baandike siku na saa, kabla shefu hajaandika yake."

"Na papai ya jirani ikianguka mu kiwanja yangu, iko ya nani?" akadakia wa pili.

"Ulishakula?"

"Ndiyo, tata."

"Basi ile si swali ya sheria, ni swali ya padri. Mwingine!"

Jibu lake kubwa lilikuwa moja tu. Serikali, ambayo huku kwetu tunaiita Leta, haijui sura ya mtu, inajua karatasi. Aliyaimba hayo asubuhi na jioni hadi fundi picha akachoka.

Juma moja alikuja Fidélie, jirani yake Tata Tshilombo, mjane wa siku tisa. Mashemeji walikuwa wamemtoa nje ya nyumba, wakabeba vitanda, sufuria, mpaka mlango. Tata Tshilombo akamwuliza kama ndoa iliandikwa ku Leta. Haikuandikwa. Akamwambia kweli bila kumung'unya, kwamba hana la kufanya. Alisikitika, tusimsingizie, jioni hiyo alikula nusu tu ya bukari, ugali wetu. Mkewe Ndaya hakumeza hata tonge.

Kesho yake Ndaya akamletea mumewe chakula kama kawaida, ila badala ya kurudi nyumbani akakaa mwisho wa benchi.

"Mi pia niko na swali," akasema. "Si yangu. Ni ya mama mumoja, anaogopa kuuliza."

Tata Tshilombo akavimba kwa furaha. Tangu waoane, mke huyu hakuwahi kumwuliza sheria hata ya kuku.

"Uliza, mama, uliza!"

"Bwana alitoa mahari, bakafunga ndoa ku kanisa. Ku Leta, bwana anasema kesho. Miaka makumi mbili, kesho tu. Nyumba iko na jina ya bwana peke yake. Akikufa?"

"Mama atalala nje saa ile ile! Bandugu ya bwana batabeba mpaka mafiga!"

"Na karatasi ya kanisa?"

"Iko na jina gani ya bwana?"

"Ya Kizungu. Ile Leta ilikataza, batu bote bakabadilisha."

Hapo Tata Tshilombo akapiga paja lake kofi.

"Yesu! Basi mama aliolewa na mutu mwenye Leta ilishafuta! Na bwana anaona, ananyamaza? Huyu si bwana, ni mupumbavu wa kupindukia! Angalia, tunamushitaki leo!" Akachomeka karatasi kwenye mashini, benchi zima likishangilia. "Jina yake ya zamani?"

"Polycarpe."

Vidole vikasimama hewani. Mtaani mwao hapakuwahi kuwa na Polycarpe mwingine. Majina yalipogeuzwa, Tata Tshilombo ndiye aliyewaandikia watu wa nusu ya mji fomu zao mpya, akaanza na yake mwenyewe.

"Polycarpe nani?" akauliza yule wa kidole, ambaye mambo humfikia polepole.

"Huyu," Ndaya akasema. "Anakula bukari yangu kila siku, lakini ku karatasi alishakufa."

Lo! Watu walicheka hata fundi picha akatoka ndani na mikono ikidondosha maji. Tata Tshilombo alivua miwani akiwa tayari kucheka nao, ndipo akamwona mkewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndaya, mi niko muzima."

"Bwana ya Fidélie pia alikuwa muzima. Ile Ijumaa kabla ya kufa alicheka hapa hapa."

Aliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma masikio. Akafunika mashini, akamshika mkono, wakaenda ku biro ya zone, ofisi ya Leta inayoandika ndoa, na benchi zima nyuma yao, maana nani angebaki?

Karani akafungua kitabu kikubwa, akamwita raia, kama Leta ilivyoagiza watu waitwe. "Sitwayene Ndaya, unakubali huyu?"

Ndaya akamgeukia mumewe, akamtazama toka miwani hadi viatu. Jasho likamtoka Tata Tshilombo.

"Sema basi, mama."

"Niko na swali. Nikikubali, nyumba iko ya nani?"

"Yetu babili."

"Na karatasi itakaa kwa nani?"

"Kwako," akajibu upesi. "Kwako, mama, kwako."

"Basi aandike."

Tata Tshilombo akatia saini mbio mbio hata herufi zikapanda mlima, na karani akamwamuru aandike upya. Ndaya akapokea karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Kisha akaanza kulia kwa sauti, pale pale mbele ya watu, na hakuna aliyemcheka.