Mtoto kwa Nyumba ya Pareto

Wajukuu wangu stima ikipotea wanakuja mbio kwangu. Najua kuwaigiza, wote wanaongea kama mtu amefinywa na kiatu: "Nyanya, sasa tutafanya nini?" Mimi nawaambia kaeni. Wanafikiri kukaa si kazi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka gani usiniulize, sikusoma. Tulikuwa juu Kuresoi kwa shamba ya mzungu, tunachuma pareto, yale maua ya kutengeneza dawa ya wadudu. Bwana yangu alikuwa Nakuru kwa kazi ya reli, akaniacha na mama yake. Nikazaa mwezi wa saba, kabla ya siku yangu. Msichana, mdogo, ungemweka kwa kofia akatosha.

Mwezi wa saba huko juu asubuhi nyasi ni nyeupe ya barafu, halafu mvua inaanza na haijui kwao. Kuni zote za wafanyikazi zikalowa. Unapuliza, unapata moshi. Mafuta ya taa ikaisha kwa duka, lori ya kuleta ingine imekwama kwa matope. Tukifungua mlango baridi inaingia, tukifunga ni giza, saa sita ya mchana sioni uso wa mtoto wangu. Nilikuwa namjua kwa mkono tu. Na mkono uliniambia miguu yake imekuwa baridi. Halafu akaanza kunyonya kama mtu amechoka.

Mama mkwe wangu alikuwa na sauti ya kutoka tumboni. Nikiitoa hata leo, watu wa hii nyumba wanageuka kuangalia mlango. Akasema, "Hapa kuna pahali pamoja tu pa joto. Kwa maua."

Ilikuwa kweli. Pareto ilikaushwa kwa nyumba ya mabati, tanuri iko chini, kuni kavu za mzungu, moto hauzimwi. Maua yalikuwa yanalala vizuri kuliko sisi wote.

Lakini mimi singeenda. Kwetu mwanamke akizaa hatoki nje mpaka siku zake ziishe, na zangu zilikuwa bado. Akamfunga mtoto kwa gunia akaenda naye. Nikabaki kwa kitanda, maziwa inashuka peke yake, inalowesha nguo, nguo inakuwa baridi.

Mzee wa kuchochea moto alikubali. Huyo alikuwa akiongea nusu maneno nusu kikohozi: "Weka yeye, kho, hapo kwa trei ya chini, kho, nyapara hafiki." Wakamlaza kando ya maua. Akapata joto, akapata nguvu, akalilia maziwa. Basi mama mkwe akamrudisha kwangu, kwa mvua. Akifika, amekuwa baridi tena. Namnyonyesha haraka, anapelekwa. Hivyo mara nne siku moja, na ile joto yote inaishia njiani. Hakuna mtu alisema mama ya mtoto aende akae huko na yeye. Hata mimi sikusema. Nilikuwa nangoja mlango ufunguliwe nipewe, ufunguliwe ninyang'anywe.

Siku ya pili nyapara, yule msimamizi wetu, akafika. Alikuwa anaongea na pua, pole pole, kama mtu ananusa chakula ya wenyewe. "Hii ni maua gani inalia?" Mzee akakohoa tu. "Mtoeni, mama. Mzungu akimwona, ni mimi nafukuzwa." Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wake pia.

Mtoto akarudishwa. Nikavua nguo nikamweka kwa ngozi ya tumbo yangu, mama mkwe akalala mgongoni kwangu na nguo zake zote, magunia juu yetu. Hapo hakuna kitu ingine ningefanya. Giza, mvua, na pumzi yake ndogo. Ikichelewa, nilikuwa namfinya paja. Akilia, najua yuko. Nangoja kidogo, namfinya tena. Siku mbili hivyo. Mara moja nilifinya akakawia, mama mkwe nyuma yangu akaacha kupumua na yeye.

Siku iliyofuata mvua ikakatika. Mama mkwe akafungua mlango, akamwinua mtoto kwa mwangaza, anapumua vizuri, akaona paja lote limejaa alama nyeusi.

"Nani amemuuma huyu mtoto?"

"Ni mimi, mama."

Akaangalia lile paja. Akaketi chini na mtoto, pale mlangoni, akaanza kulipuliza kama moto.