Halua ya Hakimu

Andika, mjukuu wangu, wala usiniongezee neno. Baba yangu alizaliwa deltani, mama yangu Mahege, nami nilizaliwa shambani kwao wakati wa kuvuna mpunga.

Halua uliyoniletea kutoka kwenye hitima ya jaji ina harufu ya iliki ileile. Zamani hizo alikuwa hakimu kijana hapa Kibiti, na baba alishtakiwa kwa kukata mikoko bila kibali. Hakimu alinisimamisha mbele ya meza yake, akanipa kipande cha halua, akainama.

“Binti, sema kweli tu, kisha utarudi nyumbani na baba yako. Nani alikata miti ile?”

Mafuta ya halua yalikuwa yakinichuruzika vidoleni. Nikajibu, “Baba. Mimi nilishika mtumbwi.”

Watu walicheka. Hakimu naye alitabasamu, kisha akamfunga baba miaka miwili. Shangazi aliinua mkono anipige, lakini baba, akiwa kati ya askari, alimwambia, “Dada, mwache. Mtoto kamwamini mtu mzima.”

Misimu miwili niliamia ndege dunguni, nikiwafukuza kwenye mpunga badala ya baba, wenzangu wakienda shule.

Umeombwa uandike sifa za marehemu. Ziandike zote: hakula rushwa, wala hakumwogopa tajiri, na hayo ni kweli. Lakini ahadi aliyonipa iweke papo hapo, kama alivyoitamka, na karatasi hiyo uitunze. Halua hii wape watoto wa jirani, na usiwaulize kitu.