Herufi Yenye Mkia

Siku hiyo ya kanisani kule Kangeta naikumbuka kama ni ya jana, mwanangu. Usicheke nikikuita mwanangu; najua ndevu zangu bado zinahesabika. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na umenuna tangu asubuhi eti rafiki yako amesifiwa kwa wimbo mliotunga pamoja. Kaa hapo.

Kinoti ni rika langu. Tulitahiriwa pamoja, na ukimgusa umenigusa. Sokoni mimi ndio nilikuwa naandika vikaratasi vya magunia ya miraa: unakata kipande cha katoni, unaandika jina la mwenye mzigo na makapeni, ile kalamu ya wino mzito, unafunga kwa gunia. Gunia likiwa na miraa laini, nilikuwa navuta herufi ya kwanza mkia mrefu. Mpakiaji akiona mkia, anaweka juu. Hakuna mtu alinifundisha.

Sasa Kinoti akaanza kupiga hivyo vikaratasi picha na simu. Vilivyolowa, vilivyokanyagwa, vyote! Nikajua amepotea. Halafu siku ya vijana kanisani akazitundika hizo picha ukutani, kubwa kama kalenda, na watu wakawa, "Aki Kinoti, kumbe wewe ni msanii!" Chini imeandikwa: Picha na Kinoti. Mwandiko wangu, jina lake! Wivu ulinipanda mpaka mate yakawa machungu. Nikaenda moja kwa moja kwa ile herufi kubwa kuliko zote, niing'oe.

Mbele yake kulikuwa na mgeni wa kutoka Embu, ameshika soda. "Hii si ni takataka tu? Na hii mkia ni ya nini?"

Nikasahau nilikuja kung'oa. "Takataka ni wewe! Rika langu ameona kitu wewe hujawahi ona! Na hiyo mkia inasema weka juu, usiponde!"

Kanisa lote likanigeukia. Mama Kinoti akasimama na birika ya chai mkononi.

"Kirimi, ulikuja kupigana na nani?"

"Na Kinoti, mama. Huo ni mkono wangu, na hakuniweka jina."

"Ulimwambia?"

Kinoti ndio akajibu: "Si ungesema, kichwa ngumu! Kila siku unaviita uchafu, nilidhani unaona haya." Akanipa makapeni. Nikaandika Kirimi hapo kando, nikavuta mkia wa K mpaka ukapita chini ya jina lake lote.

Sitakudanganya eti wivu uliisha. Watu waliendelea kupiga picha na yeye. Mimi nikashikishwa sahani ya mandazi. Lakini sikia: kama jasho lako liko ndani ya kazi ya rafiki, mwambie yeye kwanza, kwa mdomo, kabla hujanunia ukuta. Na mtu wa nje akimcheka, weka wivu chini usimame na yeye. Utauokota baadaye, kama bado unautaka.

Haya, nawa uso uende kwa huyo rafiki yako. Mungu akupe rafiki wa kugombana naye mpaka mzeeke, na jina lako lisikose pa kukaa.