Mausi ya Watiri

Watiri alizaliwa akitumia mkono wa kushoto, na kwao Gakindu hawakulipenda jambo hilo. Wakati wa kula mama yake alimfunga mkono huo kwa kitambaa, na shuleni mwalimu alimchapa vidole kila alipomkuta ameshika penseli vibaya. Mwishowe akageuka. Aliandika kwa kulia, akachuma kahawa kwa kulia, akasalimia watu kwa kulia, na wote wakasahau. Yeye hakusahau, ila hakuna aliyemuuliza.

Ukubwani alipata kazi ya kupiga chapa Nyeri mjini, katika duka la uchapishaji la mzee aliyeitwa Kingori. Taipureta haikumpa taabu, maana mikono yote miwili hugawana kazi. Mambo yaliharibika katikati ya miaka ya tisini, Kingori alipoleta kompyuta. Duka liliishi kwa kadi za harusi na programu za mazishi, na sasa kila kitu kilifanywa kwa mausi: kukata picha ya marehemu, kuvuta mistari, kupanga maua pembeni. Yote hayo kwa mkono wa kulia, kutwa nzima. Watiri alijifunza upesi. Waliofiwa walikuja wakimtaka yeye, kwa sababu alijua kumfanya marehemu apendeze hata kama picha iliyoletwa ilikuwa ya kitambulisho.

Kisha mkono ukaanza kuwaka. Maumivu yalianzia kwenye kifundo, yakaja yakakita kambi kwenye mshipa wa kidole gumba. Hakuweza tena kumenya viazi. Asubuhi binti yake Wachuka ndiye aliyemfunga vifungo vya sweta.

"Upumzishe huo mkono," daktari alimwambia.

"Niupumzishe, nile nini?" Watiri aliuliza. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Aliyemletea matumaini alikuwa Kiogora, fundi wa kompyuta mwenye duka Nanyuki. Alikuja kurekebisha mashine ya Kingori, akamwona Watiri akijikanda mkono chini ya meza.

"Mama, kuna mausi ingine," alisema. "Hausukumi kitu. Inakaa tu hapo, mpira uko juu, wewe unauzungusha na kidole. Niko nazo za aina mbili. Kuja ujaribu mwenyewe, usichukue kwa kuambiwa."

Kingori hakutaka kumpoteza mtu aliyependwa na wateja. Jumamosi iliyofuata alimpakia Watiri kwenye pikapu yake wakaenda Nanyuki.

Kiogora aliziweka zote mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na mgongo uliopinda kama mbuzi aliyenyeshewa, na mpira wake mwekundu ulikuwa ubavuni, mahali pa kidole gumba. Watiri aliuzungusha mara chache tu, machozi yakamlenga. Kidole hicho hicho kibovu ndicho kilichotakiwa kufanya kazi yote.

Ya pili ilikuwa bapa, sawa pande zote, na mpira mkubwa kama tunda la karakara katikati. "Hii haina kulia wala kushoto," Kiogora alisema. "Mkono wowote unaingia."

Watiri aliisogeza upande wa pili. Kisha akaweka mkono wake wa kushoto juu yake. Mshale ulienda alikotaka. Alichora kisanduku, akakivuta hadi kona ya skrini, akakirudisha. Hakuumia popote. Alijikuta anacheka peke yake, kicheko cha mtoto, mpaka aliposikia Kingori akikohoa nyuma yake.

"Mama Wachuka, huo ni mkono gani?"

"Wa kushoto, Mzee."

"Si wewe ni mtu wa kulia?"

"Nilifundishwa tu."

Kingori alikuwa mzee wa kanisa, na wateja wake wengi walitoka kanisani kwake. "Sasa mtu amefiwa na mama yake," alisema polepole, "anaingia dukani, anakuta ati unampanga marehemu na kushoto. Ama ni bibi harusi. Watasema nini?"

"Mzee, mwenye mkono ndiye anajua kwenye kunauma," Kiogora alijaribu.

"Na mwenye duka ni mimi. Funga hiyo ya mpira mwekundu, ya mkono wa kulia. Hata imekaa kisasa."

Walimtazama Watiri. Maneno alikuwa nayo, yamejaa kinywani. Alichosema ni, "Sawa, Mzee."

Alifanya kazi na ile mausi ya gumba hadi mvua za masika. Kingori alipotoka aliijaribu kwa kushoto, lakini ilipinda upande usiofaa, mpira ukaangukia kidole cha mwisho kisicho na nguvu. Alasiri moja, akipanga kadi ya harusi, kidole gumba kilikwama kimekunjwa, kikakataa kufunguka. Alikifungua kwa mkono mwingine, huku mteja akimwangalia.

"Nenda upumzike, Mama Wachuka," Kingori alimwambia kwa upole. "Ukipona utarudi."

Hakuitwa tena. Mahali pake paliingia Jeniffer, msichana aliyetoka kusomea kompyuta. Baada ya mavuno ya mahindi Watiri alipita dukani kuchukua kikombe chake, akamkuta Jeniffer anafanya kazi, vidole vyake vikicheza juu ya mpira mkubwa wa katikati.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Ile ingine ilikuwa inanichosha kidole," Jeniffer alisema kwa furaha. "Nikamwambia mzee, akaniletea hii wiki hiyo hiyo. Ni tamu sana, Mama. Sijui kwa nini hamkununua hii tangu mwanzo."

Watiri alisimama pale na kikombe chake. Alitaka kumchukia msichana yule, akashindwa. Jeniffer aliomba, akapewa, basi. Aliyestahili kuchukiwa alikuwa nyuma ya mlango wa ofisi, anaongea kwa simu, na mwingine alikuwa amesimama hapo hapo na kikombe.

Siku hizi anauza nduma, yale majimbi ya kuchemsha, katika soko la Karatina. Ijumaa moja Kingori alisimama mbele ya gunia lake, akatabasamu kama mtu aliyemwona ndugu yake.

"Mama Wachuka! Mkono umepona?"

"Umepona, Mzee."

"Mungu ni mwema. Nichagulie nzuri."

Watiri aliinama akachagua bila haraka. Alimwekea zile zenye maji, zisizoiva hata zikichemshwa kutwa, zinazowasha koo. Kingori alimbariki akaondoka. Watiri alingoja furaha ije. Haikuja. Mwanamke mwingine akauliza nduma, naye Watiri akafungua mdomo wa gunia.